Tupeane uzoefu: kadi za sikukuu kwa askari walio mbali na kwa wazee waliostaafu jeshi

Mama Neema, Dodoma
Ndugu zangu, nawasalimu. Watoto ninaowafundisha shule ya Jumapili wameomba mwaka huu watengeneze kadi za Krismasi, nyingine za askari wetu walio kwenye ulinzi wa amani nje ya nchi, nyingine za wazee wa mtaani kwetu waliopigana Vita vya Kagera. Zamani kila ilipofika Desemba maduka ya vitabu yalianika kadi kwenye kamba na foleni ya stempu ikafika barazani, lakini watoto hawa hawajawahi hata kulamba bahasha. Naomba mliowahi kutuma au kupokea mtueleze kadi hizo hufikaje, na ndani yake huandikwa nini.

Mzee wa Kyaka
Mwanangu, mimi nilipokea. Desemba 1978 tulikuwa Kagera, daraja la Kyaka likiwa limekwisha kulipuliwa na majeshi ya Amin, mvua hazikatiki na mahandaki yamejaa maji. Mama yangu hakujua kuandika, kwa hiyo alimwendea mwalimu wa kisomo cha watu wazima amwandikie kadi ya Krismasi. Alichokuwa nacho ni namba yangu ya jeshi na jina la kikosi. Mahali nilipo hakupajua, wala hakutakiwa kupajua. Sisi tukavuka mto, Januari tukaingia Mutukula, Februari tukaichukua Masaka, na kadi ikawa inatufuata nyuma. Niliipokea siku za Pasaka, Kampala ikiwa imeanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Nilitarajia maneno ya ushujaa, kwa kuwa redioni hatukusikia mengine. Ndani niliona haya: mbuzi mweupe amezaa mapacha, baba amepaua nyumba ya uani, deni la dukani limelipwa, na mwisho, "Hatukuharakishi kurudi, ila urudi." Mwenzangu mmoja, ambaye hakuwahi kuandikiwa na mtu, aliniazima kadi ile akakaa nayo usiku kucha, na tangu siku hiyo kila asubuhi akawa ananiuliza, kwa uso mkavu kabisa, mbuzi wetu wanaendeleaje. Kwa hiyo waambie watoto waandike habari za mbuzi.

Sajenti Mstaafu
Nathibitisha. Ukimsifu askari kwamba ni simba wa taifa, anakunja kadi na kuiweka mfukoni. Ukimwambia mwembe umezaa, anaisoma mara ya pili.

Mtoto wa Pangani
Kwa heshima zote, kadi za Krismasi ni desturi tuliyoachiwa na Waingereza. Askari wa leo ana simu. Mtumieni vocha aongee na mkewe, maana kadi hailiwi wala haipigiwi. Isitoshe, jeshini kuna Waislamu wengi, nao mnawatakia heri ya sikukuu ipi?

Mama Neema, Dodoma
Kaka yangu, suala la Waislamu nimelichukua, na tutaandika "Heri ya Sikukuu" kwa wote. Kuhusu vocha, watoto wa miaka tisa watazinunua kwa fedha gani?

Mtoto wa Pangani
Kwa fedha hiyo hiyo mliyonunulia manila na gundi.

Wa Nanyuki
Jamani, tusigombane. Mume wangu alikuwa Somalia, upande wa Kismayu, chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika cha kulinda amani huko. Simu alikuwa nayo, lakini mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na hata ukipatikana, watoto walikuwa wanaishia kulia na muda unakwisha. Michoro ya watoto ilifika kwa mkono wa wenzake waliokuwa wanarudi kazini baada ya likizo, naye aliibandika juu ya kitanda chake hemani. Vocha hukwisha siku ile ile. Ule mchoro alirudi nao nyumbani ukiwa umeingia mchanga kila mkunjo. Shauri langu ni moja: msiandike jina la kambi wala tarehe ya mtu kurudi, na msizipige kadi picha kuzirusha mitandaoni zikiwa na majina. Baada ya kambi ya askari wetu ya El Adde kushambuliwa na Al-Shabaab, Januari 2016, hakuna mke wa askari hapa kwetu anayelichukulia jambo hilo kama mzaha.

Dada wa Koplo
Nimesoma nikiwa na nia ya kupita kimya, lakini nimeshindwa.

Mwaka 2017 kaka yangu alikuwa Kongo, upande wa Beni. Mwishoni mwa Novemba tulimpelekea kadi yenye utani mwingi, tukimwonya asithubutu kurudi bila vitenge. Jioni ya tarehe 7 Desemba kambi ya Semuliki ikashambuliwa. Taarifa ya kwanza ilitaja askari wetu 14 waliouawa, bila majina, na simu ya kaka haikupatikana. Mama alihamia sebuleni na mkeka wake, simu zote za nyumba zikiwa zimepangwa mbele yake, na kila ilipoita alitutaka sisi tuipokee, kisha anaziba masikio kabla hatujasema neno. Jirani mmoja alikuja na sufuria kubwa la kupikia msibani, akaliacha mlangoni bila kubisha hodi. Lile sufuria ndilo lililonivunja, si redio.

Kaka alikuwa kambi nyingine. Alipopatikana hatimaye hakutaka tushangilie. Alisema kadi yetu ameipata, lakini amewazika moyoni watu aliokula nao, na kama tuna fedha ya kadi nyingine tuwapelekee wake zao. Ilikuwa wiki ya Krismasi. Tulikaa mezani mimi na mdogo wangu tukiwa na kadi zenye nyota na kengele, na hatukuweza kuandika "heri". Mwishowe tuliandika jina la marehemu, jambo moja ambalo kaka alitueleza juu yake (mmoja alikuwa anakarabati redio za wenzake bure), na majina yetu. Mjane mmoja alitujibu baada ya miezi kadhaa kwamba hakuwahi kujua habari ya redio.

Sajenti Mstaafu
Pole sana, binti yangu.

Wa Nanyuki
Pole, dadangu. Kumbe wajane nao wawekwe kwenye orodha.

Mtoto wa Pangani
Pole sana, dada. Hoja ya vocha naiweka kando kwa leo.

Mkazi wa Texas
Poleni wote. Naongeza la huku Marekani, ambako kijana wangu ni mwanajeshi. Askari walio ng'ambo wana anwani maalumu za posta ya jeshi, na juu ya bahasha huandiki jina la nchi aliyopo; gharama ya stempu ni ile ile ya ndani ya nchi. Zamani mtu aliweza kutuma barua kwa "askari yeyote", lakini utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2001 baada ya watu kutumiwa barua zenye vijidudu vya kimeta, na sasa kadi huenda kwa mtu unayemjua jina au kupitia mashirika ya hisani. Shirika la Msalaba Mwekundu lilipokuwa likikusanya kadi za sikukuu, lilikataza unga wa kumetameta, kwa sababu kadi nyingine huishia hospitalini kwa majeruhi.

Mama Neema, Dodoma
Unga wa kumetameta tumekwisha nunua. Chupa sita.

Mtoto wa Pangani
Ningekuwa askari ningetaka kadi inayometameta. Maisha yote ya kijani kibichi yanachosha.

Sajenti Mstaafu
Mwenye kuvaa kijani anakujibu: unga huo ukishaingia kwenye sare hautoki, na gwaride halina huruma.

Mzee wa Kyaka
Mama Neema, za askari walio nje usizitie posta kwanza. Nenda lango la kikosi kilicho jirani, eleza nia yako, uulize utaratibu. Za sisi wazee usihangaike na sanduku la posta, wengi wetu hatunalo. Waje watoto wenyewe alasiri, baada ya usingizi, na waandike herufi kubwa. Macho yetu si yale ya Masaka.

Mama Neema, Dodoma
Nimeandika yote. Unga utabaki kwenye kadi za wazee peke yao.

Sajenti Mstaafu
Nani amekuambia wazee tunautaka?