Upasuaji wa baipasi ya moyo: waliopitia, tupeane uzoefu

Mama Donholm: Baba mkwe wangu alipigwa picha ya mishipa ya moyo, ikaonekana kwamba mitatu imeziba. Kwa kuwa ana kisukari, daktari amependekeza baipasi badala ya stenti, kile kijibomba cha kupanua mshipa. Mzee anatuuliza atafanyiwa nini hasa, nasi hatuna la kumjibu.

Mzee wa Umoja: Umenikumbusha mbali, mama. Usingizi wa dawa ulipoanza kunitoka katika chumba cha wagonjwa mahututi, nilijaribu kumwita mke wangu lakini sauti haikutoka, kwa sababu mrija wa mashine ya kupumulia hupita katikati ya nyuzi za sauti, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amenieleza hivyo, niliamini kwamba nimepooza. Nesi akaniinamia na kusema, "Baba, usishindane na mashine, iache ikuvutie pumzi." Mrija ulipotolewa, nikatakiwa kukohoa ili mapafu yasafike! Mfupa wa kidari umekatwa kwa msumeno na kufungwa kwa waya, halafu unaambiwa ukohoe. Nilipewa mto niukumbatie kifuani, nikaushikilia kwa nguvu zangu zote. Ajabu ni kwamba mguu, walikotoa mshipa wa kupandikiza, uliniuma kuliko kifua.

Kijana wa Kasarani: Habari ya mguu ni kweli tupu.

Shemeji Rongai: Mzee, unamtisha mama wa watu. Mimi niliwekewa stenti na kesho yake nikarudi nyumbani.

Mzee wa Umoja: Basi hukupasuliwa. Mwache aliyepasuliwa aseme.

Shemeji Rongai: Kuumwa si mashindano, mzee wangu.

Nesi Mstaafu: Tumjibu aliyeuliza. Mara nyingi moyo husimamishwa kwa maji yenye potasiamu, na mashine husukuma damu mwilini wakati daktari anashona mshipa wa kupandikiza ili damu ipite kando ya palipoziba. Mwulizeni kama atatumia pia ateri ya ndani ya kifua, kwa maana hiyo hudumu wazi muda mrefu kuliko mshipa wa mguuni. Wanaofananisha upasuaji huu na Southern Bypass, ile barabara ya mchepuko ya Nairobi, wasisahau kwamba barabara ya zamani inabaki imeziba, ndiyo maana aspirini na dawa za kupunguza lehemu haziachwi.

Kijana wa Kasarani: Tafuteni wachangiaji damu mapema, kwa sababu ahadi za WhatsApp hazina kundi la damu.

Binti Kayole: Asinyanyue mtungi wa gesi wala mjukuu hadi mfupa uunge. Baada ya upasuaji baba yangu alikuwa akilia mbele ya taarifa ya habari, naye hakuwahi kulia hata msibani. Msimcheke, mwambieni daktari.

Shemeji Rongai: Apumzike kitandani mwezi mzima.

Nesi Mstaafu: La hasha! Atembee kila siku, kidogo kidogo. Kitandani damu huganda miguuni.

Mama Donholm: Nimemsomea yote. Ameuliza jambo moja tu, kama ataruhusiwa nyama choma.

Mzee wa Umoja: Mwambie hataitamani. Mimi hata chai ilikosa ladha kwa majuma kadhaa.