Naomba msaada: nazipataje kolamu zote zinazojihesabu kwenye hifadhidata?

Mrithi_wa_Mfumo:
Habari za muda huu wakuu. Nimerithi hifadhidata ambayo aliyeijenga keshaondoka, hakuacha hata mstari mmoja wa maelezo. Majedwali ni utitiri na majina mengine hayaeleweki. Nataka kujua yapi yana kolamu inayojipa namba yenyewe kila rekodi mpya inapoingia. Nikifungua moja moja nitakesha. Kuna namna ya kuzipata zote kwa mpigo? Nina haraka, tafadhali msiniletee kejeli.

Bwana_Sikwensi:
Hifadhidata gani? Mnauliza kama vile ipo moja tu duniani.

Kwenye MySQL tazama `information_schema.columns`, chuja zile ambazo `extra` ina neno `auto_increment`. PostgreSQL ndiyo yenye mtego. Kolamu za IDENTITY, yaani zinazojipa namba zenyewe, zilikuja na toleo la 10, mwaka 2017, na utaziona kwa `is_identity = 'YES'`. Ila majedwali ya kabla ya hapo mengi yanatumia `serial`, njia ya zamani ya kazi hiyohiyo, na hizo hazitokei kwenye kichujio hicho hata ukilia. Zitafute kwenye `column_default` inayoanza na `nextval`. Mtu akitumia njia moja tu anaambulia nusu ya orodha na anaondoka akidhani kamaliza. Oracle ni `USER_TAB_IDENTITY_COLS` kuanzia 12c. Mfumo wa zamani zaidi ulikuwa na sikwensi (kitoa namba cha pembeni) na triga (kodi inayojiendesha rekodi inapoingia), kwa hiyo huna budi kuzisoma triga zenyewe.

Mkongwe_wa_Seva:
Vijana wa siku hizi mnataka kila kitu kwa mpigo. Sisi tukikabidhiwa mfumo tulikaa chini tukachora majedwali yote kwa mkono, mshale kwa mshale, ndipo tukagusa kitu.

Chizi_Data:
Mzee mlichorea kwenye ngozi ya mbuzi au karatasi zilikuwa zimeshaanza? 😂

Mrithi_wa_Mfumo:
Samahani wakuu, ni SQL Server.

Dada_Indeksi:
Basi kazi ni nyepesi:

```
SELECT t.name, c.name, c.seed_value, c.increment_value, c.last_value
FROM sys.identity_columns c
JOIN sys.tables t ON t.object_id = c.object_id
ORDER BY t.name;
```

Nimeunganisha na `sys.tables` ili upate majedwali yenu tu, bila ya mfumo wenyewe. `last_value` ikirudi NULL, yaani tupu, maana yake kihesabio hakijawahi kutumika. Na usishangae kila jedwali likileta kolamu moja tu, SQL Server hairuhusu zaidi.

Sasa na mimi niulize. Orodha hii unaitakia nini? Hakuna anayeitafuta kwa kupenda.

Baba_Kihesabio:
Mimi najua anaitakia nini, anaogopa kufika mwisho. Yalishatukuta. Kolamu ya `int` (namba nzima ya kawaida) inaishia 2,147,483,647, na tulikuwa na jedwali la kumbukumbu za matukio ambalo kila mtu alilisahau. Siku ilipogota, kila ingizo likakataliwa, na mfumo uliandikwa hivi kwamba tukio lisipoandikwa hata mauzo hayapiti. Tulilala ofisini. Ndugu, geuza ziwe `bigint`, yenye nafasi kubwa zaidi, mapema.

Mrithi_wa_Mfumo:
Hapana mkuu, hatujafika huko. Tatizo ni mapengo. Namba za ankara zinaruka, mara moja moja, mara elfu nzima. Mhasibu anauliza ankara zilizopotea ziko wapi, na bosi anadhani kuna mtu anazificha. Nataka nizipange upya zifuatane, ndiyo maana nahitaji orodha kamili.

Dada_Indeksi:
Hakuna aliyeficha kitu. Muamala ukighairiwa, namba iliyokwisha kutolewa hairudi. Zaidi ya hapo, tangu toleo la 2012 seva inatenga namba kwenye kumbukumbu kabla ya kuzitumia; ikizimika ghafla zinapotea, na kwa `int` ndipo unapoona mruko wa 1,000. Toleo la 2017 lina `IDENTITY_CACHE = OFF` inayopunguza hiyo mikubwa. Midogo itabaki palepale. Kolamu hii haikuahidi mfululizo usiokatika.

Lakini hujasema jambo moja. Umeshagusa chochote?

Mrithi_wa_Mfumo:
Kidogo tu. Jedwali la ankara na la risiti nimeshabadilisha namba wiki hii. Yametulia, hakuna kosa lililotokea. Bosi aliona namba zinafuatana akafurahi. Ndiyo maana nataka kumalizia yaliyobaki.

Mpelelezi_01:
Hapa ndipo ninapotoka. Uzi wa kutunga huu. SQL Server hairuhusu UPDATE kwenye kolamu ya IDENTITY, inakutupia kosa namba 8102 papo hapo. Sasa huyu "amebadilisha namba" na "hakuna kosa lililotokea". Kwa uchawi gani? Alianza hajui hata kutaja hifadhidata, sasa anapanga ankara upya. Hili ni swali la usaili mmeletewa mlijibu bure.

Chizi_Data:
Nilijua! Akipata kazi atulipe.

Mkongwe_wa_Seva:
Nilisema mapema vijana hawa.

Mrithi_wa_Mfumo:
Nimesema nimetumia UPDATE wapi? Nilitengeneza jedwali jipya la umbo lilelile, nikawasha `IDENTITY_INSERT` ili niruhusiwe kuandika namba mwenyewe, nikamimina rekodi kwa kufuata mpangilio wa namba za zamani nikizipa mpya kwa `ROW_NUMBER()`, inayohesabu mistari kwa mfuatano. Kisha nikabadili majina, jipya likachukua la zamani. Sijaja kufanyiwa mahojiano hapa.

Mpelelezi_01:
Sawa, hilo linawezekana. Na majedwali yanayoelekeza kwenye ankara? Kama kuna vifungo vya rejea (foreign key, vinavyokataa namba isiyopo kwenye jedwali linalorejewa), baada ya kubadili majina vinabaki vimelishika jedwali la zamani. Malipo ya ankara mpya ya kwanza yenye namba ambayo jedwali la zamani halina yangekataliwa. Hakuna aliyelalamika?

Mrithi_wa_Mfumo:
Vifungo havipo. Aliyejenga hakuweka hata kimoja. Jedwali la malipo lina kolamu ya namba ya ankara, basi.

Dada_Indeksi:
Subiri. Hiyo kolamu kwenye malipo uliibadilisha pia?

Mrithi_wa_Mfumo:
Bado. Nilipanga iwe hatua ya mwisho, nikishapata orodha yote. Wateja wenyewe hawaangalii namba, wanaangalia kiasi.

Baba_Kihesabio:
Mungu wangu.

Dada_Indeksi:
Tangu siku hiyo malipo ya mteja mmoja yanasomeka kwenye ankara ya mteja mwingine, na "hakuna kosa" kwa sababu hakuna kifungo cha kupiga kelele. Karatasi alizonazo mteja zina namba ambazo kwenu sasa ni za mtu mwingine. Jedwali la zamani ulilifuta?

Mrithi_wa_Mfumo:
Lipo, nililipa jina lingine. Ila kurudi nyuma siwezi, bosi keshaona mfululizo. Si naweza tu kusahihisha malipo yafuate namba mpya?

Bwana_Sikwensi:
Unaweza kwa malipo ya kabla ya kubadilisha tu. Yaliyoingia baada ya hapo tayari yana namba mpya. Ukiyapitisha kwenye hesabu hiyohiyo unayaharibu mara ya pili. Unajua saa uliyobadili majina? Malipo yana kolamu ya muda?

Mrithi_wa_Mfumo:
Muda upo. Saa naijua.

Dada_Indeksi:
Basi chukua nakala ya kila kitu kwanza, na risiti zikaguliwe vilevile. Tengeneza jedwali la ulinganisho, namba ya zamani na mpya, kutoka jedwali la zamani kwa mpangilio uleule. Ushauri wangu ni urudishe za zamani, kwa sababu ndizo zilizoko mikononi mwa wateja, na zile ankara chache zilizoingia baadaye uzipe namba mbele ya ile kubwa ya zamani, malipo yake yafuate. Kisha `DBCC CHECKIDENT` ili kihesabio kianzie panapostahili. Mfululizo anaoutaka bosi uwe kolamu ya pembeni, inayojazwa ankara ikishathibitishwa. Majedwali mengine usiyaguse.

Mrithi_wa_Mfumo:
Nitaongea na bosi jioni. Orodha imetoka vizuri, ahsante. Ila kolamu ya pembeni naona ni kuongeza kazi.

Kijana_Mpya:
Naomba nidandie hapa. Natumia SQLite na hakuna `sys.identity_columns`, nimetafuta kote.

Bwana_Sikwensi:
Huko angalia `sqlite_sequence`, ila itakuonyesha tu zilizoandikwa AUTOINCREMENT na zilizoshaingiziwa rekodi. `INTEGER PRIMARY KEY` tupu nayo inajihesabu bila kuandikwa humo. Na fungua uzi wako, wa watu una moto.