Bangwana ni akina nani hasa?

Mwana wa Kadutu:
Ndugu zangu, nyanya yangu, aliyezaliwa Kasongo, mkoani Maniema, kabla ya kuhamia hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, alikuwa akisema kwa fahari kwamba watu wake ni Bangwana, watu wa mji. Hapa Kadutu, jirani akitamka neno hilo anakusudia Waislamu tu, hata wasio na asili ya Maniema. Kamusi nayo inasema muungwana ni mtu mwenye adabu. Je, hili ni neno moja au ni matatu?

Mwalimu wa Ibanda:
Ni neno moja lililosafiri, ndugu. Huko pwani, muungwana alikuwa mtu huru, kinyume cha mtumwa, na aliishi mjini akijitofautisha na watu wa bara, ambao aliwaita washenzi bila haya. Maana ya adabu ilizaliwa humo, kwa kuwa heshima ilihesabiwa kuwa mali ya aliye huru. Ndiyo sababu muungwana akivuliwa nguo huchutama.

Misafara ya pembe za ndovu ilipofika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, neno lilikuja pamoja na wapagazi na walinzi, na hapo ndipo lilipogeuka. Wengi wao walikuwa watumwa, au watumwa walioachwa huru, ambao Unguja wasingepewa jina hilo kwa urahisi. Lakini huku kando ya mto Lualaba, kuvaa kanzu, kusema Kiswahili na kuswali kulitosha. Stanley, yule msafiri Mzungu aliyefika Nyangwe mwaka 1876, aliwaita wapagazi wake Wangwana, na Kiswahili cha huku kikaja kuitwa Kingwana. Baada ya vita vya 1892 hadi 1894 na Dola Huru ya Kongo ya Wabelgiji, watawala Waarabu na Waswahili wa miji ile walishindwa, ila dini ilibaki, na jina likabaki nayo.

Msomaji wa Bagira:
Mimi niliambiwa kwamba asili yake ni Ungwana, mji wa kale ulio karibu na mlango wa mto Tana, nchini Kenya.

Mwalimu wa Ibanda:
Magofu ya mji huo yapo kweli, Mama. Hata hivyo, mji unaweza kuitwa kwa jina la watu wake sawasawa na watu kuitwa kwa jina la mji wao, kwa hiyo kufanana peke yake hakutuonyeshi ni lipi lililotangulia.

Mwana wa Kadutu:
Asante, Mwalimu. Sasa ninaelewa kwa nini nyanya, ambaye baba yake alikuwa Mkusu, mtu wa kabila la huko Maniema, alinuna kila alipoulizwa kabila lake.