Naomba ushauri: ubingwa wa mifupa, niende MMed au COSECSA? Na hivi vyama nijiunge navyo sasa?

DktWaMkoa:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni MD, nimemaliza intani na nina leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Niko hospitali ya rufaa ya mkoa. Zamu za usiku ni majeruhi wa bodaboda: paja limevunjika, muundi umetoboa ngozi. Anayehitaji chuma tunamsafisha, tunamvuta mguu kwa uzito, tunasubiri rufaa. Nimeamua kusomea mifupa, hilo halina mjadala tena.

Mmoja kaniambia niende MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, nikachukue MMed, shahada ya uzamili ya udaktari. Mwingine anasema COSECSA, kolegi ya wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, nisome huku nikiwa kazini. Wa tatu kanitumia orodha ya vyama vya mifupa, TOA ya hapa Tanzania, SICOT ya kimataifa, AO ya Uswisi, AAOS ya Marekani, eti nijiunge mapema ili wasifu uwe mzito. Mshahara ni mmoja na nina familia. Nianzie wapi?

Bingwa_Thieta:
Dokta, karibu kwenye fani. Usichanganye leseni, mtihani na uanachama. Anayekuruhusu kumpasua mtu ni Baraza. Anayethibitisha kwamba umeiva ni chuo au kolegi iliyokutahini. Chama kitakupa mikutano, kozi na watu wa kuwapigia simu ukikwama na kesi, basi. Hata ukilipa ada ya vyama vyote hivyo, Baraza halitakusajili kuwa bingwa.

COSECSA ilianzishwa 1999, makao yake Arusha. Unafundishwa hospitalini ukiwa unahudumia wagonjwa. Miaka 2 ya kwanza ni misingi ya upasuaji, unafanya mtihani wa MCS, wa hatua ya kwanza, kisha miaka 3 ya mifupa hadi FCS, ngazi ya ubingwa. Kila upasuaji unauingiza kwenye logibuku ya mtandaoni, yaani daftari la kesi zako. Mwishoni kuna karatasi ya maandishi, halafu unakaa mbele ya watahini kutoka nchi mbalimbali za ukanda wetu. Mimi hilo ndilo naliheshimu zaidi: anayekuhoji hakukufundisha, hana sababu ya kukuonea huruma.

Ngalawa77:
Naomba nipingane kidogo na mkuu hapo juu. Hilo la kusoma ukiwa kazini lina sharti: hospitali iwe imeidhinishwa na iwe na mkufunzi wa mifupa. Kama yako haina, utahama tu, na familia utaiacha vilevile. MMed ya MUHAS inakupeleka MOI, taasisi ya mifupa Muhimbili iliyoundwa kwa sheria ya 1996, na kule utaona uti wa mgongo, nyonga na mivunjiko ya kila aina. Ukiwa na ndoto ya kufundisha chuo kikuu, shahada ya uzamili utaulizwa tu. Na wapo wenye MMed waliokwenda kufanya FCS baadaye, kwa hiyo ukichagua moja hujaifunga nyingine.

Dada_wa_Minnesota:
Kaka, mimi ni nesi wa thieta huku Marekani. AAOS ni chama, kilianza 1933. Cheti cha ubingwa hakitoki huko, kinatoka ABOS, bodi iliyoanzishwa 1934. Daktari anamaliza miaka 5 ya mafunzo, anafanya mtihani wa maandishi, anaingia kazini, kisha anawasilisha orodha ya wagonjwa aliowapasua kwa mikono yake. Watahini wanachagua kesi humo na kumhoji: kwa nini uliweka plati badala ya msumari, kidonda kilipotoa usaha ulifanya nini. Akifaulu, cheti ni cha miaka 10 na lazima aendelee kujithibitisha. Bila kupitia mafunzo ya ubingwa yanayotambuliwa huku, mtihani huo hukalii. Hela ya AAOS usiitoe kwa sasa.

Bingwa_Thieta:
Ngalawa77, la mkufunzi uko sahihi kabisa, naliunga mkono.

Niongeze kuhusu AO, maana hiyo siiweki kapu moja na vyama vingine. Ilianza Uswisi 1958 na kozi zake ndizo zilizowafunza wengi wetu kanuni za kufunga mfupa kwa chuma. Tena kuna AO Alliance, inayoendesha kozi Afrika, zikiwemo za kutibu mivunjiko bila upasuaji: namna ya kuuvuta mfupa urudi mahali pake, kulifinyanga hogo (plasta ngumu) lisimbane mgonjwa, kutambua mapema mguu unaovimba kwa ndani. Hayo unayahitaji usiku wa leo, kabla ya ubingwa wowote. Ikitangazwa kozi karibu nawe, nenda. TOA jiunge pia, ndiko utakakokutana na watakaokusimamia. SICOT ni chama cha heshima, kipo tangu 1929, lakini kinaweza kusubiri.

DktWaMkoa:
Nashukuru sana wote, dada wa Minnesota nawe. Swali moja: kesi ninazofanya sasa zitaingia kwenye logibuku?

Bingwa_Thieta:
Tegemea zile utakazofanya ukishaandikishwa, chini ya msimamizi. Lakini anza daftari lako leo: tarehe, aina ya mvunjiko, ulichofanya, mgonjwa alivyokuwa aliporudi kliniki. Usiandike jina lake. Na kabla hujalipa ada popote, liandikie Baraza uulize njia unayoitaka inasajiliwaje, jibu liwe la maandishi. Kisha kaa na mganga mfawidhi wako mzungumze ruhusa ya masomo na mshahara, kwa sababu wengi ninaowajua walikwamia hapo, siyo kwenye mtihani.