Kijicho cha redio ya babu kimelegea, nitumie gundi gani?

Mrithi_wa_Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Nimerithi redio ya valvu (zile chupa za kioo zinazowaka ndani) ya marehemu babu, ile ya kabati la mbao yenye kijicho cha kijani kinachojifumba ukiipata stesheni. Sasa hicho kijicho, nacho ni valvu ya aina ya EM34, kioo chake kimeachana na kitako cheusi, kinacheza kama jino la mtoto. Bado kinawaka. Ndani nina supaglu, na fundi mmoja huku Tanga ananiambia nimwage araldaiti, ile gundi ngumu ya kuchanganya tyubu mbili, yaishe. Nisaidieni kabla sijaharibu.

FundiKoili
Usimwage kitu! Na usikizungushe kabisa. Mle kitakoni mna nyaya nyembamba zinazotoka kwenye kioo kwenda kwenye pini. Ukizungusha, zinagusana au zinakatika. Moja niliiua hivyo, nikidhani nakaza.

Supaglu sahau. Joto la valvu likipanda na kushuka inaachia, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye kioo. Kijicho chenyewe kazi yake kutazamwa! Araldaiti nayo inashika mno, hapo ndipo ubaya ulipo. Kioo na bakelaiti, ile plastiki ngumu ya kitako, havitanuki sawa vikipata moto, gundi ngumu inaweza kupasua kioo. Na siku waya ukikatika, kitako hukitoi tena.

Mrithi_wa_Ngamiani
Silikoni ya gasketi je, ile ya spea za magari?

FundiKoili
Hiyo sawa, ila inuse kwanza. Ikinuka siki, iache, asidi yake inakula shaba. Isiyonuka siki, inayostahimili joto zaidi ya nyuzi 200, paka kidogo tu kwenye ukingo, usijaze ndani. Funga kwa uzi, iache siku nzima. Silikoni hukaushwa na unyevu wa hewani, na Tanga unyevu hatununui.

Bi_Redio_Bagamoyo
Mwanangu, mimi natumia sheliaki iliyoyeyushwa kwa spiriti, ile ya mafundi samani. Ukikosea, spiriti inailainisha, unaanza upya. Ila kabla ya kuingiza mkono, chomoa umeme, usubiri, kisha upime kapasita, vile vifaa vinavyohifadhi umeme, kwa mita. Zinaweza kubaki na mamia ya volti redio ikiwa imezimwa. Na siku ya kuchomoa valvu, shika kitako, si kioo.

Mrithi_wa_Ngamiani
Shikamoo Bi, na asante. Nimenusa tyubu ya silikoni ya jirani: siki tupu, kama achari. Kesho asubuhi naenda kwa seremala.