Kwotabeki namba moja apangwe mechi za Agosti au akae benchi? Wadau wa NFL, tupeane uzoefu

Nyamira_MN

Wakuu, salamu kutoka Minnesota. Najua wengi humu ni watu wa soka, ila sisi tuliokaa Marekani miaka mingi tumeshaambukizwa huu mpira wao wa Kimarekani, unaobebwa na kurushwa kwa mikono, hakuna namna.

Agosti timu za NFL, ligi yao kuu, hucheza mechi tatu za kujipima nguvu. Zilikuwa nne, ikapunguzwa moja mwaka 2021 msimu ulipofikishwa mechi 17. Matokeo hayahesabiwi popote. Sasa kocha amwingize kwotabeki wake, mtu ambaye timu nzima inamtegemea, au amvalishe kofia asimame pembeni hadi Septemba?

Naanza na yangu. Mzee mmoja wa kazini ana tiketi za Vikings, timu ya hapa, za msimu mzima, na hizi za kujipima huwa anauziwa humo humo atake asitake. Akanipa mbili za Agosti 10, 2024, dhidi ya Raiders. Nikaenda na kijana wangu wa miaka kumi na mmoja. Sam Darnold alicheza kidogo akatolewa, akaingia J.J. McCarthy, kwotabeki mtoto waliyemchukua wa 10 kwenye drafti ya mwaka huo, yaani siku timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Pasi moja ilinaswa na wapinzani, lakini mbili ziliishia tachidauni, ndiyo goli lao. Kijana wangu alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Kesho yake akaninunulisha jezi namba 9.

Kabla wiki haijaisha tukasikia goti la McCarthy. Gegedu limechanika, kafanyiwa upasuaji, msimu mzima haonekani. Na jameni, mimi nilikuwa palepale nimekodoa macho, sikuona alipoumia! Risiti ya jezi ilikuwa bado kwenye gari. Nikamwambia turudishe tuchukue nyingine, akakataa kabisa, akalala nayo.

Msimamo wangu: mtoto mgeni hana budi kucheza, atajifunzia wapi? Mkongwe akae. Nyinyi je?

Shabani_STL

Mwanangu umenirudisha mbali. Mwaka 1999 nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa hapa St. Louis, na juu ya friji kulikuwa na kiluninga kidogo chenye antena ya waya wa hanga. Rams, wakati huo timu ya hapa, walikuwa na kwotabeki mpya, Trent Green, kijana aliyekulia mji huu huu. Mwisho wa Agosti, mechi ya kujipima na Chargers, Rodney Harrison akamwingia gotini. Kano ikakatika. Kocha wao Dick Vermeil, mtu mzima, alilia mbele ya waandishi.

Mnajua kilichofuata. Akaingia Kurt Warner, ambaye miaka michache nyuma alikuwa akipanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi usiku, huko Iowa. Jikoni kwetu sote tulikuwa watu wa kupanga na kuosha, tukampenda kabla hajarusha mpira hata mmoja. Januari 2000 wakabeba Super Bowl, fainali ya ubingwa.

Ndiyo maana watu wa mji huu husema ile ajali ilikuwa heri. Mimi huwauliza: heri ya nani? Green alikaa mwaka mzima akitazama wenzake wakila sherehe, na mwaka 2001 akaishia Kansas City. Mwanamume hakuwa amefanya kosa lolote. Ilikuwa mechi ya bure.

MamaZawadi_Dallas

Shikamoo mzee Shabani.

Mimi nasuka saluni, na Dallas saluni bila Cowboys kwenye TV wateja wanahama. Agosti 25, 2016 Cowboys walikuwa Seattle. Mechi haijachangamka hata, Cliff Avril wa Seattle akamdaka kwotabeki wetu Tony Romo kwa nyuma, Romo akakunjika kama kiti cha plastiki. Nilikuwa na mteja mama wa Kimarekani, kichwa nimekisuka nusu. Alisimama vilevile, nusu misuko nusu nywele wazi, akatoka hadi barabarani kumpigia mumewe simu.

Romo aliinuka, akataka na kurudi. Baadaye ndio wakasema pingili ya mgongo imevunjika. Nafasi ikaenda kwa Dak Prescott, mgeni kabisa, akashinda mechi 13 akapoteza 3, na Romo hakuirudisha tena. Mwaka uliofuata akastaafu.

Kwa hiyo naungana na Nyamira. Mtu ana miaka 36, umeshamwona miaka yote hiyo, unampima nini tena? Na yule mama alirudi kumalizia kichwa Jumamosi. Hela ya siku ile hakulipa, nikamsamehe, msiba ni msiba.

kijana_wa_Tandale

Wakuu samahani, kuna wanaosoma hatujui lolote. Kwotabeki ndiye nani? Na mbona huku Simba Day mastaa wote wanashuka uwanjani na tunawadai wacheze?

Nyamira_MN

Mdogo wangu, kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulizi akaamua autupe kwa nani. Mbele yake wanasimama majitu watano kazi yao kumkinga. Ng'ambo ya hao kuna wapinzani wanaotaka kumlaza chini, tena kihalali. Simba Day hakuna jitu la kilo 130 linalokimbia kumfuata namba kumi wenu.

Sufiani_NJ

Mnaosema akae, mbona hamumtaji Aaron Rodgers? Mwaka 2023 Jets walimwingiza mechi ya kujipima na Giants, akacheza kidogo, akarusha tachidauni, akatoka mzima. Septemba 11, mechi ya kwanza ya kweli na Bills, shambulizi la nne tu, kano ya kisigino ikakatika. Mimi nilikuwa mapumziko ya dakika kumi kazini. Nikaingia lifti yupo, nikatoka lifti hayupo.

Na Teddy Bridgewater wa Vikings, 2016, goti liliharibika mazoezini bila kuguswa na mtu. Ajali ikitaka kuja haiangalii kalenda.

Baba_Espoir

Bandugu, jambo sana. Miye ni mtu wa Uvira, sasa niko Dayton, Ohio, Kiswahili changu mtavumilia.

Huku tunafuata Bengals. Mwaka 2023 Joe Burrow aliumia msuli wa mguu Julai, hakucheza mechi yoyote ya kujipima. Siku ya kwanza Browns wakawapiga 24 kwa 3, pasi za Burrow zikapata yadi 82 tu mchezo mzima. Alikuwa kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mwaka 2025 kocha akamwingiza Agosti. Wakashinda ya kwanza, 17 kwa 16. Wiki ya pili akaumia kidole cha mguu, akapasuliwa. Sasa nani alikuwa na haki?

Lakini niseme ya kwangu. Mtoto wangu ni kwotabeki wa shule yake. Agosti iliyopita walikwenda kujipima na shule nyingine. Robo mbili za kwanza mambo mazuri, shati lake halikuchafuka. Kisha kocha akawatoa wale watano wa mbele wapumzike, akaingiza watoto wa akiba, na mwanangu akamwacha ndani, eti azoee kuongoza wageni. Mimi sikujua huu mchezo sana, lakini niliona ukuta umekuwa pazia. Mara ya tatu alipoangushwa, hakuinuka. Mtulinga ulivunjika. Kocha akaniambia pole, hizi ni bahati mbaya. Miye nilichunga ng'ombe. Ukiondoa miiba ya boma usiku, chui akiingia husemi bahati mbaya.

Shabani_STL

Baba Espoir, hapo umegusa penyewe. Jets walimfanyia hivyo hivyo Mark Sanchez mwaka 2013: robo ya nne, mechi ya kujipima na Giants, mbele yake wachezaji wa akiba, bega likaenda na msimu ukaenda. Tumekaa tunabishana acheze au asicheze, kumbe swali ni nani yuko mbele yake.

MamaZawadi_Dallas

Pole sana Baba Espoir. Mtoto amepona?

Baba_Espoir

Amepona, asante mama. Ijumaa hii wana mechi ya kujipima tena. Mama yake hataki hata kusikia. Miye nitakwenda. Nimeandika namba za jezi za wale watano nyuma ya bahasha. Wakitoka wawili, nashuka uwanjani.

Sufiani_NJ

Mzee watakukamata!

Baba_Espoir

Wanikamate, lakini mtoto nimeshamtoa.