Kikundi cha Ukoo: Ratiba ya Ngosi, Masoko na Matema

Baba Mkubwa Ambakisye: Wanaukoo, habari za jioni. Kwa kuwa wengi wetu tutakuwa Tukuyu mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, napendekeza tutenge siku mbili za kuwatembeza hawa watoto waliozaliwa Dar es Salaam, ambao mpaka leo milima wanayoijua ni ile ya Morogoro wanayoiona dirishani wakiwa kwenye basi. Siku ya kwanza twende Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu, Kijungu (lile shimo la mwamba ndani ya Mto Kiwira) na Maporomoko ya Kaporogwe. Siku ya pili Ziwa Masoko, Matema na Kitulo. Naomba maoni yenu kabla sijamtafuta mwenye Koasta.

Lugano: Shikamoo, Baba Mkubwa. Ratiba nimeisoma, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeishi huku na ndiye nitakayepigiwa simu gari likikwama, naomba niseme mapema kwamba haitatimia. Kitulo na Matema hazikai siku moja: Kitulo ni uwanda wa juu, mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, watu wanavaa makoti mchana, ilhali Matema iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwenye mita 475 tu, watu wanatafuta kivuli. Katikati ya hayo mawili kuna barabara za milimani ambazo mvua za Desemba hazizionei huruma. Na Ngosi peke yake inakula sehemu kubwa ya siku.

Baba Mkubwa Ambakisye: Marahaba. Lakini Ngosi si iko barabarani? Kibao chake nimekipita pale Isongole kila nilipokuwa nakwenda Mbeya.

Lugano: Kibao ndicho kilichoko barabarani, Baba Mkubwa. Ukiacha lami pale unaingia njia ya udongo inayopita kwenye mashamba ya viazi hadi mguuni mwa msitu, na kutoka hapo ni kupanda kwa miguu, saa moja hadi mbili kulingana na magoti ya mtu. Msitu wenyewe ni mzuri kuliko watu wanavyousimulia: kuna migomba mwitu, kuna mianzi, na ukikaa kimya unaweza kuwaona mbega wakiruka juu kwenye matawi. Sehemu ya mwisho ndiyo kali, kwa maana njia inasimama na mtu anashika mizizi ili ajivute. Ukifika ukingoni, ziwa lote linakuwa chini yako, lenye urefu wa kilomita mbili na nusu hivi, limezungukwa na kuta za mlima pande zote, wala hakuna mto unaotoka humo. Wenyeji hupenda kusema kwamba lina umbo la ramani ya Afrika. Ila ukichelewa, ukungu unafunika kila kitu na watoto watarudi wakiwa wameona weupe mtupu, ndiyo maana nataka tuwe tumeanza kupanda saa moja asubuhi.

Shangazi Atupele: Kaka, shikamoo, na ninyi wengine hamjambo. Nina maswali mawili. Mama naye anataka kwenda kuona ziwa, na magoti yake mnayajua. Atabaki kwenye gari na nani? La pili, nimeona picha za vijana waliosimama majini kabisa pale Ngosi. Watoto nao watateremka?

Lugano: Shikamoo, Shangazi. Kuteremka kunawezekana kwa mtu mzima mwenye mwongozaji, lakini njia ni mteremko mkali na Desemba inateleza sana. Watoto wetu waishie ukingoni. Kwa hilo sitabadili msimamo hata wakilia.

Ipyana: Naunga mkono, na nina sababu ya darasani pia. Shimo la Ngosi lilitokana na volkano, na wanajiolojia wanakadiria kwamba mlipuko wake wa mwisho ulitokea karibu na mwaka 1450, jambo ambalo kwa umri wa milima ni jana tu. Eneo lote la Rungwe bado linatoa kaboni dioksidi kutoka ardhini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, na hutuama kwenye mabonde yasiyo na upepo. Mahali panapoitwa Shiwaga, si mbali na Ngosi, ndege na wanyama wadogo huokotwa wakiwa wamekufa kwa sababu hiyo. Sisemi kwamba ziwani kuna hatari kila siku, bali nasema mtu asiingie kwenye shimo au korongo asilolijua kwa sababu tu anataka picha. Gesi hiyohiyo huvunwa kiwandani kule Ikama, hapahapa wilayani, na kutiwa kwenye soda.

Baba Mkubwa Ambakisye: Ipyana mwanangu, sasa nimeona ada ya chuo ilikwenda wapi. Basi watoto waishie ukingoni. Na Mama?

Lugano: Kwa Bibi napendekeza Ziwa Masoko. Kutoka Tukuyu ni mwendo wa kilomita 15 hivi kwa barabara ya kwenda Ipinda, na gari linafika karibu kabisa na maji, kwa hiyo anaweza kutandikiwa mkeka na kukaa. Masoko nalo ni ziwa la volkano, dogo na la mviringo, lakini halina makali ya Ngosi.

Shangazi Atupele: Mama yupo hapa pembeni yangu, amefurahi. Anasema tuwaambie watoto kwamba Wajerumani walizitupa fedha zao zote ndani ya ziwa hilo walipokuwa wanakimbia, na kwamba zamani watu waliokota sarafu kando ya maji.

Baba Mkubwa Ambakisye: Kwa heshima zote kwa Mama, hapo tutenganishe hadithi na historia. Boma la Masoko lilijengwa mwaka 1912, Kikosi cha Tano cha jeshi la Wajerumani kilikaa hapo hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, na baadaye jengo likawa mahakama. Mwezi wa Mei 1916 Waingereza waliingia kutokea upande wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, na kuichukua Tukuyu, ambayo wakati huo iliitwa Neu Langenburg. Wajerumani kuondoka kwa haraka ni kweli. Ama jeshi linalohitaji kulipa askari na wapagazi kulizamisha sanduku la fedha, hilo mimi nalitilia shaka, ingawa sitalisema mbele ya watoto kabla hawajamaliza kutafuta.

Neema (Lusaka): Shikamooni wazazi. Mimi nitafika Mbeya kwa treni ya TAZARA, na ombi langu ni moja: Kitulo isifutwe. Maua ndiyo yanaanza kuchanua Desemba, na mkienda Juni au Julai mtakuta nyasi na baridi. Huku Lusaka chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi vya mmea vilivyosagwa, inauzwa kila soko, na watu wengi hawajui kwamba viazi vyake ni vya okidi, yale maua ya porini, na kwamba vingi vimechimbwa huko kwetu Nyanda za Juu Kusini. Uchimbaji huo ulikuwa miongoni mwa sababu za kuilinda Kitulo, ambayo ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Nimeila chikanda miaka yote hii; nataka niione ikiwa bado ua.

Lugano: Karibu sana, dada. Shida ya Kitulo ni kwamba inataka siku yake, na njia ya kupandia Isyonje wakati wa mvua inataka gari la kupanda milima, si Koasta. Ningeshauri twende watu wachache baada ya ukoo kutawanyika, tuchukue gari moja linalofaa.

Neema (Lusaka): Nimekubali, mradi nihesabiwe.

Shangazi Atupele: Matema je? Nataka vyungu.

Lugano: Matema inaungana vizuri na Masoko, kwa sababu tukitoka kwa Bibi pale ziwani tunaendelea kushuka hadi Ipinda na kufika ufukweni. Ila iwe Jumamosi, siku ya soko la Lyulilo, ambapo akina mama wa Kikisi wa kijiji cha Ikombe huleta vyungu kwa mitumbwi. Tulale hukohuko, kwa kuwa kupanda mlima usiku na watoto sikubali, na kila mtu abebe chandarua.

Baba Mkubwa Ambakisye: Basi naandika upya. Ijumaa, wenye miguu wanakwenda Ngosi na Lugano pamoja na Ipyana. Waliobaki wanakwenda na mimi Daraja la Mungu, wakaone jinsi lava ilivyoganda juu ya Mto Kiwira ikawa daraja, kisha Kijungu. Jumamosi ni Masoko na Matema, Jumapili tunarudi. Kaporogwe naiondoa.

Lugano: Ni sahihi kuiondoa, ngazi zake zikilowa ni balaa. Nyongeza mbili tu: Kijungu kiko jirani na Chuo cha Magereza, hivyo ripotini kwanza getini na msipige picha kabla ya kuruhusiwa, na ada ya Ngosi hulipwa serikalini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, asitokee mtu akampa fedha taslimu kijana yeyote pale kibaoni. Naomba majina ya wapandaji na umri wa watoto hadi Jumapili, ili niweke mwongozaji.

Shangazi Atupele: Wangu ni wawili, miaka 9 na 12. Mama anasema na yeye aandikwe Ngosi.

Baba Mkubwa Ambakisye: Mwambie Mama ameandikwa Masoko.

Shangazi Atupele: Nimemwambia. Anauliza ni nani aliyekuteua kuwa mwenyekiti.